Masika, Kichwa Chako Si cha Paluku

Mabanga, jioni, kesho unasafiri

Masika,

Mambo ya sweta, maji ya kuchemsha na namba za simu za shangazi zako wa Bukavu nimemwachia mama yako. Yuko chumbani kwako sasa hivi, anaifungua valizi uliyoifunga mchana ili aifunge upya kwa namna anayoiona sahihi, na nawasikia mkibishana juu ya sufuria. Siingii. Sijawahi kuupita ugomvi bila hata kuusalimia, lakini leo naupita.

Nakuandikia kwa sababu nilitenda kosa ambalo hulijui. Nililitenda kwa siri, siku kumi na mbili zilizopita, na lingeweza kukufungia mlango wa shule unayokwenda. Halikuufunga, na ndiyo maana naandika nikiwa na moyo mwepesi kuliko nilivyokuwa nao kwa miaka mitano. Lakini siwezi kukuacha upande boti kesho asubuhi ukidhani baba yako alikuwa upande wako siku zote. Nitalisema. Ila kosa hilo lina wazazi na babu zake, na baadhi yao ulikutana nao ukiwa mgonjwa sana, hukuwaona vizuri. Niache nianze nao.

Unajua nilivyo. Miaka ishirini nimekuwa nikiongea redioni na kuandika magazetini dhidi ya magavana, maaskofu, mashirika, na hata dhidi ya wasikilizaji wangu. Watu wa avenue yetu wananiita Muzee Hapana, na mimi nililichukua jina hilo kama medali. Ulipoanza kuugua, ukiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, ukamwambia mama yako kwamba kuna wanawake juu ya mabati wanaojadili mwenendo wako, niliona ni vita vingine tu. Na vita nilivijua.

Vile vya kwanza nilivishinda, ndiyo bahati mbaya. Unakumbuka kile chumba cha maombi cha Murara? Mama yako, kwa woga tu, alikubali wakulaze huko. Walitaka ukae siku ishirini na moja bila kula. Nilipofika mlangoni, yule kiongozi wao akaniwekea mkono kifuani.

"Muzee, tuachie mutoto. Iko na pepo ya bababu."

"Hizo sauti zinamuongelesha Kifaransa," nikamwambia. "Bababu zetu walisomea ku école gani?"

Watu waliokuwa wamepiga magoti walicheka, wengine kwa kuficha mdomo, na katikati ya kicheko hicho nilikushika mkono tukatoka. Nilikuwa sahihi. Mpaka leo nasema nilikuwa sahihi, na mtu yeyote anayemnyima mgonjwa chakula kwa jina la Mungu aje tuonane. Lakini kuwa sahihi mbele ya watu ni pombe kali. Nilitoka Murara nimelewa, na nilibaki nimelewa karibu mwaka mzima.

Tulikupeleka hospitali ya Keshero, kwa Docteur Zawadi, daktari wa akili. Alikuongelesha kwa mikutano mitatu, kisha akatuambia jina: skizofrenia. Mama yako alilia. Mimi sikulia. Nililijua jina hilo tangu nikiwa na miaka kumi na sita, kwa sababu lilikuwa limelala chumba kimoja nami.

Papa mkubwa wako Paluku, kaka yangu, umemwona mara mbili tu, pale Butembo, kwa hiyo hujui alivyokuwa kwangu. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kabla ya shule, kwa maandishi ya magunia ya chumvi. Alipougua alikuwa na miaka ishirini. Alianza kucheka peke yake, kisha akaacha kuoga, kisha akaacha kutujibu. Baba yetu alimpeleka Kampala, mimi nikiwa mbebaji wa mikoba, na huko wakampiga picha ya kichwa. Daktari wa kule alituonyesha. Katikati ya ubongo wa kila mtu kuna vyumba vya maji, na katika picha vinaonekana vyeusi, kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Kipepeo wa Paluku alikuwa mkubwa mno. Nyama ya ubongo iliyomzunguka ilikuwa imepungua. Nilirudi na ile filamu juu ya mapaja yangu safari nzima, na baba alipokufa nikaihifadhi mimi. Kwangu mimi, huo ndio ulikuwa ugonjwa. Nilidhani nimeuona uso wake, kwa hiyo siku ukija tena nitautambua.

Ndiyo maana nilimwambia Docteur Zawadi akupe dawa ile ile ya Paluku, ambayo ilimtuliza. Akasema, "Papa, tuanze na kidogo, na ingine. Kila mutu na mwili yake." Nikamletea hoja. Nikamletea makala nilizochapisha kutoka mtandaoni. Akanisikiliza, akaandika dawa yake aliyoichagua yeye. Mimi nikapita ku pharmacie ya kona, duka la dawa ambako hakuna anayekuuliza karatasi ya daktari, nikanunua ile ya kaka yangu. Nikakupa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kipimo cha mwanamume wa kilo themanini.

Siku ya nne shingo yako ilijipinda kama mtu anayetazama nyuma ya bega. Taya likakaza. Ulisema, kwa shida, maneno ambayo sijayasahau: "Papa, mwili hii ni ya kuazima."

Mama yako alikubeba kwa moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Keshero, wewe katikati, yeye nyuma akikushikilia. Mimi nilibaki nimesimama uani nikitafuta wa kulaumu. Nikampata: ni daktari, aliyekataa kunieleza vizuri.

Hapo ndipo nilipodai skana. Kama ugonjwa ni kipepeo, basi tumwone. Docteur Zawadi hakukataa, hata yeye alitaka picha, lakini aliniambia kwa maneno manyoofu: "Mule hatutafute skizofrenia. Tunatafuta uvimbe, kovu, kitu ingine yenye inaweza jifanya skizofrenia." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Tukavuka mpaka, ukalala ndani ya ile mashine, na baada ya siku mbili tukapewa bahasha. Chini ya karatasi, baada ya maneno mengi ya kitabibu, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu herufi tatu: R.A.S.

Masika, wewe umezaliwa Goma, sina haja ya kukufafanulia. Askari kwenye barrière anasema R.A.S. Mlinzi aliyelala usiku kucha anasema R.A.S. Ukimuuliza jirani habari ya nyumbani, na paa lake limeng'olewa na upepo wiki iliyopita, anakujibu R.A.S. kisha anaendelea kutafuta misumari. Rien à signaler, hakuna la kuripoti. Katika mji huu tunasema hivyo tusipotaka kusema, au tusipoona kile tulichotumwa kukiangalia. Mimi niliyewachambua wakubwa kwa miaka yote hiyo kwa sababu ya R.A.S. zao, niliisoma ile karatasi nikaamini kwamba hakuna kitu.

Nilichukua filamu yako na ya Paluku, nikaziweka kando kwa kando ku dirisha ya salon, sebuleni kwetu, juani. Kipepeo wake mkubwa, wako mdogo, amekunja mabawa. Nikapiga kelele.

"Mama Masika, njoo uone! Mutoto hana kitu!"

Alikuja na mikono ya unga. Akaangalia. "Na zile sauti?"

"Ni fatigue. Ni mitihani. Angalia picha, mama! Inaongea yenyewe!"

"Picha inaongea," akasema, "na mutoto pia anaongea. Tusikilize nani?"

Nilimwambia tusikilize sayansi. Fikiria. Mwanamke aliuliza swali la kisayansi kuliko yote yaliyoulizwa nyumbani humu, na mimi nikamjibu kwa neno sayansi ili anyamaze. Nikatupa dawa zako chooni, hata zile nzuri. Jumamosi ile nikaenda redioni nikafanya kipindi kizima juu ya waganga wa kisasa wanaouza majina ya magonjwa. Watu walipiga simu kunipongeza. Sikutaja jina la Docteur Zawadi, lakini mji huu ni mdogo, na yeye pia ana redio.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuliona. Kwa wiki tatu baada ya hapo nilikuwa macho kama paka, nikisubiri dalili. Lakini nilisubiri dalili za Paluku. Kila ulipocheka peke yako jikoni nilikuja mbio.

"Unacheka nini?"

"Papa, ni vidéo! Mbuzi imepanda ku moto ya mutu! Angalia!"

Nikaangalia mbuzi, nikarudi kitini nimeridhika. Unaoga, unajibu, unacheka na sababu ya kucheka unayo. R.A.S. Na muda huo huo, mbele ya macho yangu, ulikuwa unatuaga kidogo kidogo kwa njia yako. Ulianza kuwa na adabu. Ulisema merci kwa glasi ya maji, merci kwa kiti, merci papa kwa kukupisha mlangoni, merci mara tano kwa sahani moja ya sombe. Ulipanga viatu vya wageni kwa ukubwa. Nilijisifu kwa mama yako: umeona mtoto alivyolelewa? Kaka yangu alipokuwa anaugua alipoteza adabu yote, kwa hiyo ningejuaje kwamba kwako ugonjwa unaingia kwa heshima, umevaa vizuri, unabisha hodi?

Siku niliyorudi nikakuta vitabu vyangu vyote nje, unaijua. Ulikuwa umevifua katika karai, kimoja kimoja, na sabuni ya unga, ukavianika juu ya mawe meusi ya uwanja kama nguo za watoto. Ulinieleza kwa upole mkubwa kwamba maneno yalikuwa yanatoka ndani yake na kukutukana, na ulitaka kuyasafisha bila kuyaumiza. Vitabu mia mbili na zaidi. Nilivikusanya kwa miaka thelathini. Unajua nilifanya nini? Sikukupiga, sikukufokea. Ningefanya hivyo ingekuwa afadhali kidogo. Nilikaa chini nikabishana na sauti zako.

Nilizitaka zilete ushahidi. Niliziuliza zinatoka wapi, kwa nini zinajificha, kwa nini zinaongea na binti na haziongei na baba. Saa mbili nzima. Nilikuwa hodari, kwa kweli. Kama kungekuwa na jopo la waamuzi ningeshinda. Na wewe ulikuwa umekaa katikati yetu, unanigeukia mimi, unazigeukia zenyewe, kama mtoto wa wazazi wanaoachana. Mwishowe ukaziba masikio ukasema, "Papa, ukiongea zinaongeza sauti ili zikusikie." Nikanyamaza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilinyamaza kwa sababu mtu ameniomba.

Kesho yake nilirudi Keshero. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, maana niliyastahili. Docteur Zawadi alikupokea wewe kwanza, akakulaza, akakuanzishia tena dawa yake, kisha akaniita mezani. Hakugusa habari ya redio hata kidogo. Aliuliza:

"Muzee Kambale, ku avenue yenu ba-Kambale mko wangapi?"

"Saba," nikasema. "Nane, na yule muuza makaa."

"Munafanana?"

"Sisi? Mmoja ni mwizi ya kuku, docteur!"

"Basi jina Kambale inasema nini?"

"Inasema tulizaliwa vijana wa pili. Kwetu ni vile. Wa kwanza Paluku, wa pili Kambale."

"Njo vile. Skizofrenia ni jina ya namna ile. Inaniambia mutu anaingia ku liste gani. Hainiambie yeye ni nani. Mwizi ya kuku akifungwa, wewe utaenda kukaa pahali yake ku prison?"

Akafungua kitabu chake chenye picha za vichwa vingi, akakaa upande wangu wa meza, akanifundisha kama mwanafunzi. Nakuandikia nilivyoelewa, kwa sababu hakuna aliyekueleza vizuri wewe mwenye kichwa.

Alisema, ukikusanya picha za wagonjwa wengi, ukazichanganya, ukatafuta wastani, ni kweli utaona kitu: vyumba vya maji vimepanuka kidogo, tabaka la juu la ubongo limekuwa jembamba kidogo hapa na pale. Huo si uongo. Lakini hakuna mtu anayeishi ndani ya wastani. Ukiwachukua mmoja mmoja, huyu amepungukiwa upande wa mbele, yule pembeni karibu na sikio, mwingine kipepeo wake ni mpana kama wa Paluku, na mwingine picha yake huwezi kuitofautisha na ya muuguzi aliyempeleka kwenye mashine. Mahali pamoja panapowapungukia wote hapapo. Hata watu wasio wagonjwa hawafanani vichwa, kama wasivyofanana nyuso. Na katika sehemu fulani za ubongo wagonjwa wanatofautiana wao kwa wao kuliko hata wazima wanavyotofautiana. Watafiti walihangaika miaka mingi wakitafuta uso mmoja wa ugonjwa huu, na kadiri wanavyotafuta wanazidi kukutana na watu.

"Sasa picha ya Masika ilitusaidia nini?" nikauliza, kwa sauti ambayo sikuijua.

"Ilituonyesha hana uvimbe. Unaona ni kidogo?"

"Na ile ya Paluku?"

"Ile ni ya Paluku."

Niliondoka pale na aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuweza kukitaja kwa miezi mingi. Kilikuwa nafuu. Tangu siku ulipotajiwa jina la ugonjwa, nilikuwa nimekwisha kukuona ukiwa na miaka hamsini, ndani ya ua wa Butembo, umekaa ukutani, hujibu. Nilikuwa nimekulilia tayari. Daktari yule hakuniahidi kwamba utapona. Alininyang'anya tu unabii wangu, na sijawahi kunyang'anywa kitu nikashukuru kiasi kile.

Baadaye nilimpigia Paluku mwenyewe. Siku hizi anafuga dende, wale wanyama wadogo wanaopiga filimbi chini ya jiko, na ukimkuta asubuhi anaongea vizuri. Nilimwambia yote, na jinsi nilivyolinganisha picha mbili dirishani. Nilisikia dende wake wakilia. Kisha akasema, "Kambale, hii miaka yote uko na picha ya kichwa yangu ku nyumba yako. Ulishaniuliza niko namna gani?" Nikakubali kwamba sijawahi. "Basi uliza," akasema. Nikauliza. Tuliongea mpaka unité za simu zikaisha. Kumbe sikukosea juu yako tu. Hata yeye nilikuwa nimemweka pembeni nikabaki na picha yake.

Miaka iliyofuata ni yako, sitakusimulia kazi yako mwenyewe. Dawa ya kwanza ilikuchosha, ya pili ikakunenepesha, ya tatu ikakufaa, kwa kipimo kidogo ambacho mimi ningekicheka. Daftari lako la usingizi. Ile siku ulipomwambia mama yako, ukiwa unamenya ndizi, "Leo niko nasema merci sana, nitapita kwa docteur," na ukaenda peke yako kwa miguu, ukarudi na mkate. Mama yako aliingia chumbani akalia kwa furaha, akidhani sijui. Sauti hazikuisha zote, uliniambia hivyo. Ulisema zimekuwa kama majirani wa upande wa pili wa ukuta: unawasikia, lakini huwapikii.

Na sasa unakwenda kujifunza kupima viwanja. Katika nchi hii, ambako nusu ya damu inamwagika kwa sababu hakuna anayejua mpaka wa shamba uko wapi, binti yangu anakwenda kuwa mtu wa kusema: unaanzia hapa, unaishia pale. Ningeweza kufanya kipindi cha redio juu ya hilo. Sitafanya.

Basi nimefika.

Siku kumi na mbili zilizopita, wewe na mama yako mkiwa kwa fundi cherehani, nilipiga simu shuleni kwako Bukavu. Nilimwomba mkurugenzi wa masomo. Nilijitambulisha, nikamwambia kwamba nina wajibu wa kumwonya. Ndiyo, nilitumia neno hilo. Nikamwambia una ugonjwa huu. Nikamwambia usipewe vyombo vya gharama, kwa sababu unaweza kuvivunja. Kwamba usichanganywe na watu wengi. Kwamba ukicheka peke yako anipigie mara moja. Kwamba ukikataa kuoga ajue mwisho umekaribia, na kwamba labda, kwa ajili ya usalama wa wote, wangekupa nafasi mwaka ujao, au ule mwingine. Nilisema kwa ufasaha. Unajua ninavyosema.

Mkurugenzi, mama mmoja, aliniacha nimalize. Kisha nikasikia anafungua karatasi.

"Papa, ni huyu Masika mwenye alituandikia ku mwezi ya tano?"

"Aliwaandikia nini?"

"Ugonjwa yake. Alisema yote. Ati anahitaji kulala masaa nane, asipewe cours za usiku. Ati anapenda kukaa karibu na mlango. Ati akianza kuwa na adabu sana, kushukurushukuru watu, tumuambie bila kuogopa, yeye anajua cha kufanya. Na namba ya docteur wake iko hapa chini. Tulishakubali zamani, papa. Tulimupenda."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

"Lakini huyu mutu mwenye unanieleza," akaendelea, taratibu, bila dhihaka, "mwenye anavunja vitu, mwenye haoge, huyo simujue. Ni nani?"

Na kinywa changu, ambacho kwa miaka hamsini na mitatu hakijawahi kukubali kosa bila kwanza kupitia mahakama zote, kikajibu kabla yangu: "Ni kaka yangu."

Akanitakia siku njema. Nilibaki na simu mkononi na nikaanza kucheka, Masika, peke yangu, kwa sauti, na kama ungekuwa jikoni ungekuja mbio kuniuliza nacheka nini. Nilicheka kwa sababu mlango niliojaribu kuufunga ulikuwa umekwisha kufunguliwa tangu mwezi wa tano, na wewe ndiye uliyeufungua, kwa karatasi moja iliyosema ukweli kuliko vipindi vyangu vyote. Nilicheka kwa sababu kuna mtu Bukavu anakujua kuliko mimi, na umemfundisha wewe mwenyewe. Uzito uliotoka kifuani siku ile haujarudi. Nimeungoja, maana sina mazoea ya kuishi bila mzigo, lakini haurudi.

Jana niliwapigia wale watu watatu wa Bukavu niliokuwa nimewaomba wapite kukuchungulia, mmoja wao muuza maziwa karibu na shule. Ndiyo, hata hao walikuwepo. Nimewaambia waache. Yule wa maziwa alikasirika, alikuwa ameanza kuifurahia kazi. Na namba ya Docteur Zawadi nimeifuta kwenye simu yangu. Ni daktari wako, si wangu. Ukiugua, utaugua kwa namna yako, na sitajua zaidi ya utakachonieleza. Ukiwa mzima, utakuwa mzima kwa namna yako pia, na hiyo nayo nitaingoja kutoka kwako. Kama siku nyingine nikikupigia na kukuuliza kwa nini unacheka, nikatie simu.

Una haki ya kukasirika. Nitakuwekea barua hii mlangoni mwako mapema, uisome kabla hatujatoka. Valizi nitaibeba mimi, hilo halina mjadala, lakini mwisho wa kuibeba ni wewe utakayeupanga. Ukitaka nifike bandarini, nitafika. Ukitaka mama yako peke yake akusindikize, niambie tu, "Papa, baki." Nitaiweka valizi juu ya pikipiki, nitakubusu, nitafunga lango.

Sitabishana.

Baba yako,
Kambale